Vipele vya mwanangu haviishi, na chekechea wamemrudisha

BARUA

Shikamoo dokta,

Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Tanga kwenye nyumba ya wazazi wa mume wangu, pamoja na mama mkwe na wifi yangu mwenye watoto wake wawili. Mume wangu ni dereva wa malori ya safari ndefu, nyumbani huonekana mara moja moja. Shida yangu ni ya huyu mtoto wa katikati, wa kike, ana miaka minne na nusu, yuko chekechea.

Kilianza kipele kimoja kwapani, kabla ya Ramadhani. Nikasema ni joto. Mfungo ulipoisha vilikuwa vimeshafika ubavuni, vikatokea nyuma ya magoti, na sasa Idi Kubwa imepita, kimoja kiko shavuni karibu kabisa na jicho. Kwa jumla vinakaribia 30. Ni vidogo, vya mviringo, hata kilicho kikubwa hakizidi punje ya mtama. Vinang'aa, rangi ni ya ngozi yake ila vimepauka kidogo, na ukitazama kwa karibu kila kimoja kina kishimo katikati. Haviumi. Vinamwasha pale nyuma ya magoti tu, ambako tangu mchanga ana pumu ya ngozi.

Nilianzia duka la dawa. Nikapewa krimu ya mchanganyiko, ile ambayo ukienda na fangasi unapewa, ukienda na upele unapewa, ukienda na chunusi unapewa. Nilimpaka mpaka ikaisha tyubu, vikaongezeka. Nikaenda zahanati. Tabibu alimtazama muda mfupi sana, akasema, "Hiki ni kirusi cha jamii ya ndui, vitaisha vyenyewe," akaita mgonjwa mwingine. Hilo neno ndui nimeondoka nalo mpaka nyumbani.

Mama mkwe yeye anasema hizi ni sunzua, na sunzua hutolewa. Kila Ijumaa mchana anamkalisha mtoto kibarazani, anachukua mwiba wa mndimu, anatoboa, anakamua kitu cheupe kigumu kidogo, halafu anakamulia ndimu yenye chumvi. Mtoto analia mpaka sauti inakauka. Ijumaa iliyopita alitumia mwiba ule ule kwa mtoto wa wifi, ambaye alikuwa ameanza kutoka viwili shingoni. Sasa wifi hasemi nami, anadai mwanangu ndiye aliyemwambukiza wake. Nilipompigia mume wangu akanijibu nimsikilize mama, yeye amelea watoto saba.

Juzi mwalimu wa chekechea alinisimamisha getini, mbele ya wazazi wenzangu, akaniambia nisimrudishe mtoto mpaka apone kabisa, kwa kuwa wazazi wanasema ni Mpox. Mtoto amekaa ndani tangu siku hiyo, ananiuliza kama amekosa nini.

Kuna jambo moja sijamwambia mtu. Nilikuwa nachota maji bombani, nikamsikia jirani akimwambia mwenzake kwamba vipele vya namna hii ndivyo wanavyotoka watoto wenye virusi vya UKIMWI, akaongeza, "Na baba yake si dereva wa lori?" Nilipimwa nikiwa na mimba ya mtoto huyu, nikapimwa tena kwa mimba ya mdogo wake, mara zote nikaambiwa niko salama. Lakini tangu siku ile silali.

Na tangu jana vile vya ubavuni vimekuwa vyekundu, vimevimba. Duka la dawa wamenipa kapsuli za antibayotiki, bado sijampa. Nimpe? Na huyu mdogo wa miezi saba ninayemnyonyesha nimkinge vipi?

Mama wa Watatu, Tanga

JIBU

Marahaba mwanangu. Naanza na lile la bombani, maana naamini ndilo lililokukalisha chini ukaandika.

Vipele ulivyoeleza, vya mviringo, vinavyong'aa, vyenye kishimo katikati na kiini cheupe ndani, kitabibu huitwa moluskamu. Sijamwona mtoto, na tabibu anayejiheshimu hapimi ngozi kwa barua. Lakini kishimo kile, pamoja na kiini alichokikamua mama mkwe wako, ni alama zinazotosha kuniondolea kusitasita. Ni maradhi ya watoto wazima, wanaokula na kukimbia. Huwapata hasa wenye umri wa mwaka mmoja hadi 10, na huonekana zaidi kwenye nchi za joto na unyevu, ambako watoto hukaa vifua wazi na kugusana ngozi kwa ngozi kutwa nzima. Tanga haihitaji maelezo zaidi.

Alichokisema jirani yako kina chembe ya ukweli, na ndiyo maana kimekuchoma. Mtu ambaye VVU vimemshusha kinga sana anaweza kutoka vipele hivi hivi. Ila kwake huja kwa sura nyingine: vingi mno, vimejaa usoni na shingoni, vingine vikubwa kupita sentimita moja, na huwa vigumu kuondoka kabla kinga haijapanda kwa dawa. Vipele 30 vidogo vilivyokaa kwapani, ubavuni na penye pumu ya ngozi havina sura hiyo. Na la dereva wa lori ni umbea mtupu. Kirusi hiki hakijui baba wa mtoto anafanya kazi gani.

Hata hivyo sitakuzuia kupima. Kipimo ni bure kwenye vituo vya serikali, na mama anayenyonyesha kurudia kipimo ni jambo la kawaida kliniki, hakuna atakayekukodolea macho. Pima upate usingizi. Majibu ni yako, si lazima yafike bombani.

Sasa ndui. Tabibu wa zahanati hakudanganya, ila alikuachia nusu ya habari, na nusu yenyewe ndiyo ya kutisha. Kirusi cha moluskamu kweli kimo katika ukoo mmoja na ndui na Mpox. Lakini ndui yenyewe haipo tena duniani. Mgonjwa wa mwisho kuipata kwa njia ya kawaida alikuwa Somalia mwaka 1977, na mwaka 1980 Shirika la Afya Duniani likatangaza imetokomezwa; mama mkwe wako, kama umri wake unafika huko, huenda bado ana kovu la chanjo yake mkononi. Moluskamu ni mtu wa ukoo huo asiye na makuu. Hakiingii kwenye damu, hakileti homa, hakigusi mapafu wala ini. Kinaishi kwenye tabaka la juu la ngozi tu, na vipele vikishaondoka vyote, hakibaki kimejificha mwilini.

Mpox ni habari nyingine kabisa. Naelewa kwa nini wazazi wametishika, kwani tangu Wizara ya Afya ilipotangaza wagonjwa wa kwanza nchini, Machi 2025, kila kipele kinatazamwa kwa jicho hilo. Mwenye Mpox huumwa: homa, kichwa, maumivu ya mwili, matezi kuvimba shingoni au kwenye nyonga. Vidonda vyake vinauma, hujaa maji, vikawa usaha, vikafanya gamba, na hupenda viganja, nyayo na mdomoni. Safari yote huisha kwa wiki mbili hadi nne. Mwanao anatembea na vipele vile vile tangu kabla ya Ramadhani, hana homa, hana kidonda. Mpox haikai hivyo.

Tatizo la moluskamu ni muda wake. Kipele kimoja kinaweza kukaa kama miezi miwili kikafa, lakini kabla hakijafa kimeshazaa wenzake, hasa mtoto akijikuna. Mlolongo wote huchukua miezi sita hadi mwaka na zaidi. Katika utafiti mmoja uliofuatilia watoto wa Uingereza, wastani ulikuwa miezi 13, na watoto 13 katika kila 100 walikuwa bado navyo baada ya miaka miwili. Nakwambia hili mapema ili usihesabu wiki ukakata tamaa. Vilevile ili ujue kwa nini kila mtaa una dawa yake ya vipele hivi. Ugonjwa unaoondoka wenyewe humpa sifa yule aliyeugusa mwisho, awe mwenye duka, mwenye mwiba, au mimi.

Ndiyo maana naogopa haraka yetu kuliko vipele. Kila ulichoniandikia ambacho kimemuumiza mtoto huyu kimefanywa na watu wanaotaka apone upesi.

Chukua ile krimu. Krimu za mchanganyiko zinazouzwa kwa kila kitu huwa na vitu vitatu: dawa ya fangasi, antibayotiki, na steroidi, mara nyingi ya nguvu. Fangasi hapa hakuna, bakteria hakuna, na steroidi ya nguvu kazi yake ni kutuliza askari wa ngozi, wale wale tunaowahitaji waamke. Kwa hiyo mtoto alipakwa kitu kilichompa kirusi nafasi. Ikitumika muda mrefu hufanya ngozi kuwa nyembamba na kubadilika rangi, na usoni karibu na jicho haifai hata kidogo. Usinunue tyubu nyingine. Pumu ya ngozi nyuma ya magoti ikiwaka baada ya kuiacha, nenda kituo cha afya wakuandikie ya kiwango cha chini, kama haidrokotisoni ya asilimia 1, kwa siku chache na mahali penye mwasho tu. Pumu ya ngozi lazima itibiwe, kwani ndiyo inayomfanya ajikune, na kucha ndizo zinazopanda vipele vipya.

Mwiba sasa. Kile kiini cheupe ndicho chenye virusi. Kikikamuliwa, maji yake yakitiririka kwenye ngozi ya jirani iliyochubuliwa, kimepata shamba jipya. Tundu la mwiba nalo ni mlango wa bakteria. Mwiba mmoja kwa watoto wawili ndio ulionishtua kuliko yote barua nzima, kwa sababu kitu chenye ncha kilichogusa damu ya mtoto mmoja kikaingia kwa mwingine kinaweza kubeba homa ya ini aina ya B na maradhi mengine ya damu. Hilo likome leo, siyo Ijumaa ijayo. Na ndimu ina balaa ambalo wengi hawalijui: maji yake yakikaa kwenye ngozi halafu jua likapiga, ngozi huungua, hutoka malengelenge, na hubaki na baka jeusi kwa wiki au miezi. Kibarazani, mchana, mwezi wowote wa Tanga, jua la kutosha lipo. Mtu akikushauri maji ya betri, hilo ni tindikali, mfunge mdomo kwa heshima.

Lakini mama mkwe wako simchukulii kama mjinga. Nasi hospitalini, mtoto akiwa na vipele vichache vinavyosumbua, tunaweza kuvikwangua vile vile. Tofauti ni krimu ya ganzi inayopakwa kabla, kifaa kilichochemshwa au kipya, na mkono uliovaa glovu. Hivyo usimwendee na "dokta kasema". Mzee aliyelea watoto saba akisikia hivyo anasikia kwamba amelea vibaya. Ningekuwa wewe ningemwambia hivi: "Mama, nimeuliza, nimeambiwa kile cheupe ndicho chenye mbegu, kikimwagika kinaota pengine. Nimeambiwa tumpunguze kucha na tumpake mafuta asijikune. Wewe anakukubali, mimi ananikimbia." Kisha mpe Ijumaa yake ile ile, kibaraza kile kile, ila mkononi awe na mkasi wa kucha na mafuta ya nazi. Mafuta ya nazi hayaui kirusi, lakini yanalainisha ngozi yenye pumu vizuri, na bibi na mjukuu watapatana upya.

Akikataa, hiyo ni kazi ya mumeo. Ampigie mama yake, azungumze naye kama mtoto na mama. Mke hapewi mzigo wa kumkatalia mama mkwe wakati mwenye mama yupo hai na ana simu. Mwambie nimesema mimi.

Kwa wifi una la kumwambia pia. Kirusi hiki hukaa kimya wiki mbili hadi saba tangu kuingia mpaka kipele kuonekana, na mara nyingine miezi. Kwa hiyo viwili vya shingoni kwa mwanawe viliingia zamani, na huenda kweli vilitoka kwa mwanao, au wote wawili walivipata kwa mtoto mwingine wanayecheza naye kila siku. Haijulikani na haina faida kujulikana. Katika utafiti ule wa Uingereza, palipokuwa na mtoto mwingine nyumbani, maambukizi yalifika kwake katika nyumba kama nne kwa kumi. Maana yake ni kwamba wengi hawaambukizwi hata wakilala chumba kimoja. Anayetafuta mkosaji hapa ataishia kukosana na wifi tu.

Vilivyogeuka vyekundu tangu jana vitazame vizuri leo mchana, kwenye mwanga. Kirusi hiki kina ujanja wa kukaa kwenye ngozi bila mwili kugundua. Ndiyo maana miezi yote hii havikuuma wala kuvimba. Siku mwili ukigundua, unashambulia: kipele kinakuwa chekundu, kinavimba, kinaweza kutoa gamba, kisha ndani ya wiki chache kinanywea. Watu wengi hukimbilia antibayotiki siku hiyo hiyo, kumbe ndiyo dalili kwamba safari inaelekea ukingoni. Antibayotiki haiui kirusi, kwa hiyo hizo kapsuli usimpe kwa sababu ya wekundu peke yake. Ila kwa kuwa vimetobolewa, sitaki ubahatishe. Viguse. Kama mtoto anakuacha uguse huku akiendelea kucheza, na wekundu umekaa kwenye kiduara kidogo kuzunguka kipele, mwache. Kama anaruka kwa maumivu, pana joto kuliko ngozi ya pembeni, wekundu unatambaa, usaha unatoka au ana homa, hapo bakteria wameingia na mpeleke kituo cha afya siku hiyo hiyo. Huko ndiko dawa na kipimo chake viamuliwe kwa uzito wa mtoto.

Cha karibu na jicho sitaki ukisubirie. Kikiwa shavuni tu, hakina neno. Kikiwa kwenye ukingo wa kope, virusi vinaweza kudondokea ndani, jicho likawa jekundu na kutoa machozi muda mrefu, na mwenye tiba hapo ni mtu wa macho. Nenda hospitali ya Bombo wakiangalie. Muda huo huo waonyeshe na vingine. Wakiona haja ya mtaalamu wa ngozi, katika hospitali ya KCMC, Moshi, pana kituo ambacho tangu 1992 kinafundisha wataalamu wa ngozi kutoka nchi nyingi za Afrika.

Utaambiwa kuna kugandisha kwa naitrojeni, kukwangua, au kupaka dawa za kuunguza. Zote zipo. Hakuna hata moja iliyothibitishwa kuwa inashinda zote, na karibu zote zinauma. Kugandisha kwenye ngozi nyeusi huacha mabaka meupe yanayoweza kukaa miezi mingi. Kwa mtoto wa umri huu mwenye vipele visivyomsumbua, mimi husubiri. Marekani waliidhinisha dawa mbili za kupaka mahsusi kwa moluskamu, moja mwaka 2023 na nyingine 2024, na ya kwanza hupakwa na mhudumu wa afya tu, kwa sababu inatoa malengelenge. Ukiwa na ndugu huko, usimtume.

Nyumbani, anza na dodoki. Nina hakika lipo moja limening'inia msumarini, na watoto wote wanasuguliwa nalo. Litupe. Huyu asisuguliwe kabisa, mkono na sabuni isiyo kali vinamtosha. Beseni moja la maji kwa watoto watatu nalo liishe. Waogeshwe kwa kopo, wasio na vipele watangulie. Kila mtoto na kanga au taulo yake ya kujifutia. Akishafutwa, kabla ngozi haijakauka sawasawa, mpake mafuta ya mgando au ya nazi, pumu ya ngozi itatulia. Nguo hazihitaji kuchemshwa, zifue kama kawaida na kuzianika juani. Usiku mvalishe kitu chenye mikono na suruali nyepesi, maana usingizini ndipo anapojikuna na ndipo anapolala kifua kwa kifua na mwenzake. Kuogelea baharini hakukatazwi, wasibadilishane taulo tu.

Mchanga endelea kumnyonyesha, kirusi hiki hakipiti kwenye maziwa. Asioge maji ya dada yake, asifutwe kwa kanga yake. Wewe ukiona kipele kifuani au shingoni, kifunike na plasta kabla hujampakata. Akitoka kimoja au viwili, si msiba, ila mwonyeshe kliniki kwa kuwa hajatimiza mwaka.

Kuna moja siwezi kuliacha. Moluskamu ikitokea sehemu za siri za mtoto, watu huwaza mabaya papo hapo. Mara nyingi ni mkono wake mwenyewe au maji ya kuogea. Lakini kama vimetoka huko peke yake, au mtoto amebadilika, anaogopa mtu fulani au analia akikojoa, mpeleke kwa daktari kimya kimya, bila kumhoji maswali mengi nyumbani.

Kuhusu chekechea, mwalimu alikosea, na kukusimamisha getini mbele za watu kulikuwa kosa la pili. Taasisi za afya za Uingereza na Marekani, kwa mfano, hazishauri mtoto mwenye moluskamu azuiwe shule. Ukisema asubiri mpaka apone kabisa, utamnyima mwaka mzima wa masomo. Mpelekee barua hii, nakili kwa mkono wako:

"Mwalimu Mkuu, salaam. Mwanangu ana vipele vya moluskamu, kirusi cha watoto kinachokaa kwenye ngozi tu. Si Mpox wala tetekuwanga. Hakiambukizi kwa hewa, kwa kukaa dawati moja wala kwa kula pamoja, bali kwa kugusana ngozi penye vipele na kuchangia taulo. Vipele vilivyo wazi nitavifunika kwa nguo au plasta, na atakuja na taulo yake. Naomba arudi darasani na asitengwe na wenzake. Nikiona mabadiliko yoyote nitakujulisha. Ahsante."

Ipeleke asubuhi kabla ya kengele, umkute ofisini, si getini. Akisita, mrudie tabibu wa zahanati umwombe aandike jina la ugonjwa na apige muhuri chini yake. Walimu wengi hubishana na mzazi, lakini muhuri huwatuliza.